Nimepata kazi ya kupiga picha porini, lakini mke wangu ameniuliza swali

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 33, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, na ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha yenye ofisi zake Posta. Nina mke na mtoto mmoja wa miaka minne. Nimekuwa msomaji wako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nami nitakuandikia, lakini jambo lililonifika nimelizungusha kichwani mpaka nimechoka.

Miaka sita iliyopita nilinunua kamera iliyotumika kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Nilianza na Kunduchi, asubuhi za Jumamosi, ngalawa zinaporudi na samaki. Baadaye nikahamia kwenye mikoko na ndege wa pwani, vitwitwi na yangeyange, kisha msitu wa Pugu. Nikajifunza kufuatilia bamvua na maji mafu, yaani siku za bahari kujaa sana na kujaa kidogo, kama wenzangu wanavyofuatilia ratiba ya ligi. Mwaka juzi nilikopa SACCOS nikanunua lenzi ndefu kwa shilingi milioni 3.8, na Septemba iliyopita nikaenda Mikumi na marafiki wawili kwa gari la kukodi. Shangazi, asubuhi ya siku ya pili, jua likiwa halijapanda, kundi la nyati lilivuka mbele yetu katika vumbi lililogeuka rangi ya dhahabu. Vumbi lile liliwafunika mpaka pembe tu ndizo zilizokuwa zinaonekana, na mimi nilipiga picha mikono ikitetemeka. Siku hiyo nilijua kwamba hesabu za forodha siyo kazi niliyoumbiwa.

Katika miezi 12 iliyopita niliuza picha moja ya ngalawa kwa hoteli iliyoitaka kwa ajili ya kalenda, wakanilipa shilingi 450,000. Kampuni moja ya utalii ilinipa shilingi 600,000 kwa siku tatu za kazi Saadani. Mara nne nimemsaidia rafiki yangu kupiga picha za harusi na sendofu, kila mara kwa shilingi 120,000. Kazi hizo za sherehe sizipendi, nazifanya kwa sababu ya fedha tu, na naona zinaniharibu jicho. Mshahara wangu ni shilingi 1,350,000 kwa mwezi, lakini baada ya kodi, NSSF, makato ya Bodi ya Mikopo ya shilingi 202,500 na marejesho ya SACCOS ya shilingi 150,000, nabaki na shilingi 670,000 mkononi.

Sasa, kampuni inayoendesha kambi ya watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere imeniita baada ya kuona picha zangu. Wanataka mpiga picha akae kambini kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba, awapige picha wageni wakiwa matembezini, na apige pia wanyama na mto kwa ajili ya matangazo yao. Watanilipa shilingi 500,000 kwa mwezi, chakula na malazi juu yao. Picha zote zitakuwa mali ya kampuni. Baada ya miezi sita wamesema wataangalia. Wanataka jibu kabla Aprili hii haijaisha, na nikikubali itanibidi niache kazi.

Nilimweleza mke wangu kwa furaha. Yeye ni mwalimu katika shule ya msingi binafsi, na sasa ana ujauzito wa miezi mitano. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa Baba, ukishazipiga hizo picha, nani atazinunua?" Nilikasirika. Nilimwambia kwamba hajawahi kuniamini hata siku moja, akanyamaza, na tangu hapo habari ya picha haizungumzwi nyumbani kwetu. Baba yangu mzazi, aliyeko Tanga, alinijibu kwenye simu kwamba kamera ni ya mtu aliyekwisha kustaafu.

Nimesoma habari za Galen Rowell, Mmarekani aliyekuwa na gereji ya magari, akaiuza mwaka 1972 ili awe mpiga picha wa milimani, na haukupita muda mrefu akapata kazi ya jarida la National Geographic. Kila nikikumbuka habari zake najiuliza kama mimi ndiye yule atakayebaki gereji. Je, niwasikilize mke wangu na baba yangu, au nishike kile ambacho moyo wangu umekwisha kukichagua?

Mwenye Kamera, Tabata

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimwona mtu aliyesimama kati ya mshahara na kamera, naye ameombwa achague kimoja kabla mwezi haujaisha. Mara ya pili nikaona kwamba kuna mambo mawili makubwa ambayo umeyapita mbio, kila moja kwa sentensi moja: kwamba mke wako ana ujauzito wa miezi mitano, na kwamba picha zote utakazopiga kwa nusu mwaka hazitakuwa zako. Nyati wa Mikumi wamepata nafasi kubwa kuliko hayo yote mawili. Sikulaumu, maana mtu huandika zaidi pale moyo ulipo, na moyo wako unajulikana ulipo; lakini niruhusu nianze na yale uliyoyafupisha.

Ujauzito wa miezi mitano mwezi huu wa Aprili maana yake mtoto atazaliwa Agosti. Mkataba unaanza Juni na kuisha Novemba. Utakuwa Rufiji, kwenye hifadhi hiyo ya Nyerere, mahali ambapo huwezi kuomba ruhusa saa nne usiku ukafika Tabata kabla ya mapambazuko, na mke wako atakuwa anajifungua mtoto wa pili huku akimlea wa kwanza. Sijui kama mlikwisha kulizungumza hili na wewe hukuona haja ya kuliandika, au kama halijazungumzwa kabisa. Sijui pia anatibiwa kwa bima ya nani. Ikiwa ni bima inayotokana na kazi yako ya Posta, basi siku utakayokabidhi barua ya kuacha kazi ndiyo siku ya kuuliza bima hiyo itakoma lini, na jibu lipatikane kabla barua haijatoka mkononi mwako.

Nije kwenye swali alilokuuliza. Umeniandikia kwamba hajawahi kukuamini, lakini katika maneno yake sikuliona katazo. Hakusema usiende. Hakusema kamera ni ya mtu aliyestaafu, hayo aliyasema baba yako, na nadhani hasira uliyostahili kumwonyesha mzee wa Tanga, ambaye kwa adabu usingeweza kumjibu, uliipeleka kwa mtu aliyekuwa karibu. Yeye aliuliza nani atanunua. Kabla ya kukujibu nilizungumza na watu wawili wanaoishi kwa kamera hapa mjini, na wote wawili, bila kujua habari za mke wako, waliniambia kwamba hilo ndilo swali wanaloamka nalo kila mwezi. Huenda mwalimu huyo ndiye mtu wa kwanza aliyeitazama kazi yako kama kazi. Je, unaweza kumrudia ukamwambia kwamba ulimsikia vibaya, hata kama jibu lenyewe bado huna?

Wewe ni mhasibu, kwa hiyo hesabu hii utanisahihisha nikikosea. Kalenda, Saadani na sherehe nne zinafanya shilingi 1,530,000 kwa mwaka, yaani 127,500 kwa mwezi, na hapo hujatoa gari la Mikumi, mafuta, viingilio wala lenzi. Ukiondoa sherehe usizozipenda, inabaki 1,050,000 kwa mwaka mzima. Halafu kuna jambo ambalo nilishangaa kwamba mtu wa hesabu halikumgusa. Huenda umelinganisha 670,000 na 500,000, ukaona tofauti ni 170,000 na kwamba chakula cha kambini kitaifidia. Lakini ile 670,000 ni baada ya Bodi ya Mikopo kuchukua asilimia 15 ya mshahara wako na SACCOS kuchukua chao, wakati 500,000 ni kabla. Madeni hayo hayatabaki Posta, utaondoka nayo. Ukilipa kama unavyolipa sasa, unaituma nyumbani 147,500, na kama kampuni itakuandika kama mtoa huduma badala ya mwajiriwa, kodi ya zuio ya asilimia 5 itakuwa imepita kwanza. Hata kama Bodi itakupangia kiwango kingine cha kulipa, wadhamini wako wa SACCOS bado wana majina yao kwenye ile fomu. Kodi ya nyumba hukuitaja, nami nawajua wenye nyumba wa mji huu na miezi yao sita ya mbele.

Sisemi haya ili kukuzuia. Kuna watu waliokubali kipato kidogo kwa mwaka mmoja na hawakujuta, kwa sababu walijua mwaka huo unawanunulia nini. Kwa hiyo tujiulize miezi sita ya Rufiji itakununulia nini.

Itakupa mambo ya kweli. Hifadhi hiyo, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ni kubwa kupita kiasi, ina mto, ina mbwa mwitu ambao sehemu nyingi za Afrika wamekwisha kutoweka, na kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi, maji yanapungua na wanyama wanasogea mtoni. Mtu anayeamka hapo kila siku kwa miezi sita hujifunza tabia za mnyama kwa namna ambayo safari ya siku mbili haiwezi kumfundisha. Hilo lina thamani, na ningekuwa mdogo ningelitamani mimi mwenyewe.

Lakini soma tena kazi uliyopewa. Wamesema awapige picha wageni. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima. Mwanga ule uliokutetemesha mikono Mikumi haukai sana, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, ukizidi ni kidogo. Katika nusu saa hizo kampuni itataka uwe umemwelekezea nani kamera: nyati, au mgeni aliyelipa, akiwa kwenye boti na kofia yake, anatabasamu? Sina hakika, na ndiyo maana inafaa uwaulize kwa maandishi. Huenda ukakuta kwamba kazi ya kambini inafanana zaidi na sendofu unazozikimbia kuliko na ile asubuhi ya vumbi. Na kama ni hivyo, je, tatizo lako ni harusi, au ni kupiga picha kwa ajili ya mtu mwingine? Maana hilo la pili, mwanangu, halikwepeki kwa yeyote anayetaka kulipwa.

Nitakuambia kitu cha nyumbani kwangu. Marehemu mume wangu alikuwa na studio ya picha Kariakoo, enzi za filamu na chumba cha giza. Alikuwa akipenda majahazi. Picha zake za majahazi zilijaa ukuta mzima wa studio, na kwa miaka niliyokaa mapokezi sikumbuki mtu aliyeingia akainunua hata moja. Walikuja kupiga picha za pasipoti, wakayasifia majahazi, wakalipia pasipoti. Fedha hiyo ya pasipoti ndiyo iliyonunua filamu za majahazi. Hakuwahi kuniambia kwamba pasipoti zinamharibu jicho, ingawa alikuwa na malalamiko mengine mengi.

Huyo Rowell wako ni mfano wa kweli, lakini umeusoma kuanzia katikati. Alipoiuza gereji mwaka 1972 alikuwa amepanda miamba ya Yosemite tangu ujana wake, na alipiga picha mahali ambapo wapiga picha wengi wasingeweza kufika wakiwa hai. Alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho, na gereji yenyewe ilikuwa mali ya kuuza. Ansel Adams, ambaye picha zake za milima zinajulikana dunia nzima, alifanya kazi za biashara kwa makampuni kwa miongo kadhaa ili aweze kulipa gharama zake. Na mfano ulio karibu zaidi na wewe ni Mohamed Amin, mpiga picha wa habari mzaliwa wa Nairobi, aliyeianzisha kampuni yake ya Camerapix hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa na miaka ishirini au chini ya hapo, kabla ya kuhamia Kenya. Yeye aliishi kwa habari, kwa sababu habari zilikuwa na mnunuzi siku hiyo hiyo. Katika hao watatu sioni aliyeacha kila kitu akasubiri uzuri wa picha umlishe.

Sasa kuhusu umiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua picha kuwa kazi yenye mmiliki, lakini mkataba unaousaini ndio utakaoamua mengi, hasa unapopiga picha ukiwa umeajiriwa au umeagizwa. Kampuni ikichukua zote, Desemba utarudi Tabata bila picha hata moja unayoweza kumwonyesha mteja mwingine kama yako ya kuuza. Hapo ndipo naiona hatari kubwa kuliko mshahara mdogo. Unaweza kuwaomba wachukue haki ya kuzitumia katika matangazo yao, kwa miaka mtakayokubaliana, na wewe ubaki na umiliki. Au wachukue picha za wageni zote na wewe ubaki na za wanyama na mto. Wanaweza kukataa. Wakikataa, utakuwa umejua wanamnunua mpiga picha au wananunua picha, na hayo ni mambo tofauti. Waulize pia kibali chao cha kupiga picha za biashara ndani ya hifadhi kinakuhusu wewe na picha zako au kinaishia kwao, na kamera ikianguka mtoni Julai ni hasara ya nani. Kamera unayo moja. Mmoja wa wale niliozungumza nao alinikumbusha hata juu ya kuvu inayoota ndani ya lenzi kwa unyevu wa pwani na wa mtoni, jambo ambalo mume wangu alilipigania miaka yote kwa mchele mkavu ndani ya kopo.

Umeniuliza kana kwamba njia ni mbili. Mimi naziona zaidi, na kila moja ina ubaya wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 za likizo ya mwaka. Kama bado hujazitumia, unaweza kuwaambia watu wa kambi kwamba utawafanyia karibu Juni nzima kwa majaribio, uirudie kazi yako Julai, na Agosti uwe nyumbani. Hatari yake ni kwamba watampata mwingine wa miezi sita, na likizo ambayo mke wako pengine alikuwa anaitegemea kwa ajili ya uzazi itakuwa imekwisha. Unaweza kumwomba mwajiri likizo isiyo na malipo, jambo ambalo halazimiki kulikubali na linaweza kumfanya akutazame tofauti. Unaweza kukubali mkataba kama ulivyo, mkapanga mama mzazi wa mmoja wenu aje kukaa Tabata, lakini hilo haliwezi kupangwa na wewe peke yako. Ukiamua kuacha, kumbuka kwamba anayelipwa kwa mwezi anadaiwa notisi ya siku 28, kwa hiyo mwisho wa Aprili waliokupa umebana zaidi ya unavyodhani.

Na ipo njia ya kubaki Posta mwaka mmoja zaidi huku ukimjibu mke wako kwa vitendo. Picha za nje siyo simba na nyati peke yao. Ulikwisha kupata wanunuzi wawili bila kuwatafuta, mmoja wa ngalawa na mmoja wa Saadani, na wote wapo pwani, mahali unapopajua kuliko kijana yeyote atakayeshuka na ndege akiwa na lenzi mbili. Hoteli kuanzia Kunduchi mpaka Kigamboni, waendesha boti wa Mafia wanaowapeleka wageni kuwaona papa potwe, miradi ya mikoko, wakandarasi wanaotaka picha za ujenzi kila mwezi, hawa wananunua. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakufikisha Morogoro bila kukodi gari. Ungeweza kusajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili huo, ukawa na risiti, kwa kuwa makampuni hayamlipi mtu asiye na risiti hata akipiga picha ya malaika. Ubaya wa njia hii unaujua mwenyewe: jioni zako zitakuwa fupi, mtoto mchanga hatakuachia usingizi, na inawezekana mwaka mmoja ukawa mitatu, mitatu ikawa kumi, na lenzi ikaota ile kuvu kabatini. Hofu yako ya kubaki gereji siyo ya kijinga, nami sitaki kuidharau.

Ipi kati ya hizi ni yako, ni nyinyi wawili mtakaojua. Ningependa tu kwamba kabla ya kuwajibu watu wa kambi ukae na mke wako jioni moja, televisheni ikiwa imezimwa, na karatasi mbili mezani: ile ya mkataba, na nyingine tupu ambayo mtaandika majina ya watu wanaoweza kununua picha zako. Mwache na yeye aandike. Walimu wa shule binafsi wanawajua wazazi wa kila aina, na usishangae akiwa na majina kuliko wewe.

Ukipata nafasi uniandikie mlichokiona kwenye karatasi hiyo. Na ile picha ya ngalawa ya kalenda, kama katika mauziano yenu na hoteli haki zake zilibaki kwako, nitafurahi ukinitumia. Kama hukumbuki mlikubaliana nini, uwaulize kwanza.

Shangazi yako